Nani kaua konokono wa shangazi?

Wadau, leo siasa naiweka pembeni. Madiwani na bajeti zao watasubiri. Nataka niwasimulie kesi ya mauaji iliyonimalizia likizo yangu yote pale Ujiji, na marehemu wenyewe ni konokono. Cheka ukimaliza, ila usiondoke.

Shangazi yangu alikuwa mwalimu wa baiolojia. Wenzake wakistaafu wanafuga kuku wa mayai, yeye kafuga konokono. Sebuleni kwake, pale ambapo watu wengine huweka televisheni, kuna tangi la kioo la lita kama 200. Ndani kuna mawe, mchanga, makombe matupu, samaki wadogo wanaofanya makombe hayo kuwa nyumba zao, kaa mmoja mwenye hasira za kudumu, na konokono wa ziwani wa aina tatu. Samaki kwake ni wapangaji tu. Wenye nyumba ni konokono.

Simu yake ilikuwa fupi. "Mwanangu, konokono wanne wamekufa juma hili na samaki wote wazima. Wewe si mwandishi wa habari? Njoo uchunguze."

Sasa usidhani hawa ni konokono wa bustanini wanaokula mchicha. Konokono wa Tanganyika walishawahi kuwagombanisha wasomi wa Ulaya. Burton na Speke walifika hapa Ujiji Februari 1858, Speke akiwa macho yanamsumbua kiasi cha kutoliona vizuri ziwa alilolifuata, lakini makombe aliondoka nayo. Mwaka 1859 bingwa wa makombe wa London, Samuel Woodward, aliyaeleza kwa wanasayansi wenzake. Mmoja wao, yule bapa wa mviringo anayeng'ang'ania mawe yanayopigwa na mawimbi, leo anaitwa Spekia zonata. Mabingwa walishangaa kwa sababu makombe ya Tanganyika ni mazito, yana miiba na mikunjo, yanafanana na ya baharini. Halafu mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akamkuta humu ziwani yule kiumbe wa mwili kama jeli, ambaye watu wa pwani wanamjua kama yavuyavu. Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alikuja mara mbili, 1895 na 1899, na mwaka 1903 akaandika kitabu kizima akitetea kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichosahaulika bara.

Moore alikosea. Ziwa halijawahi kuwa bahari. Konokono wake wamekuwa na sura ya baharini wakiwa humu humu, na mchango mkubwa katika hilo umetoka kwa kaa: kwa mamilioni ya miaka kaa wamekuwa wakikuza magando ya kuvunjia, na konokono wakikuza magamba yasiyovunjika. Ukimtazama kaa wa shangazi akijaribu kumfungua konokono usiku, na konokono kajifungia ndani kimya, unatazama ugomvi wa zamani kuliko Ujiji, kuliko binadamu mwenyewe.

Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza alikuwa kaa. Shangazi alimtetea kwa dakika moja tu. Alinipa marehemu wanne kwenye sahani. "Angalia mdomo wa gamba. Kaa akiua, huvunja pembeni." Yote yalikuwa mazima. Ila kwenye ncha, pale gamba lilipoanzia konokono akiwa mchanga, palikuwa peupe kama chaki, na ukipakwaruza kwa kucha panatoa unga. Hiyo nikaiandika kwenye daftari.

Mshukiwa wa pili alikuwa dawa. Mtu yeyote anayefuga viumbe wasio na uti wa mgongo, iwe maji ya bahari au ya ziwa, ataanza kukuuliza habari za shaba. Dawa nyingi za magonjwa ya ngozi ya samaki zina madini hayo. Samaki anapona, konokono na kamba wanakufa. Wazee wetu waliujua mrututu kabla yetu, na ule ule mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, ulimwagwa kwenye mabwawa miaka ya nyuma kuua konokono wanaoeneza kichocho. Cha ajabu, damu ya konokono wengi na ya kaa inabeba oksijeni kwa kutumia shaba hiyo hiyo. Kidogo ni uhai, ikizidi majini ni sumu. Shangazi alikuwa na chupa ya dawa ya namna hiyo kabatini, aliletewa na mtu kutoka Dar. Lakiri yake haijakatwa. Mshukiwa akaachiwa huru.

Joto? Sebule ni ile ile na kipimajoto kilisoma nyuzi 27, kawaida kabisa kwa maji ya juu ya ziwa hili. Uchafu wa kinyesi na chakula kilichooza? Huo ungewashika samaki pia, tungewaona wanahema juu ya maji. Walikuwa wanafukuzana kama watoto wa shule saa ya mapumziko. Pampu ya hewa ilikuwa inanguruma vizuri, na umeme, tuseme ukweli, haukuwa umekatika sana mwezi ule.

Jirani naye hakukosa. Mzee mmoja mpole sana alikuja na pakiti ya chumvi ya Uvinza. "Si wanasema wamefanana na wa baharini? Watilie chumvi." Nilimwelewa. Lakini bahari ina karibu gramu 35 za chumvi katika kila lita, na maji ya Tanganyika hayafiki hata gramu moja. Tena chumvi yake siyo ya mezani. Kilichojaa humo ni magnesiamu na bikaboneti, ndiyo maana kwenye kile kipimo cha asidi na alkali tulichokaririshwa sekondari, ambacho 7 ni katikati, ziwa letu liko karibu na 9. Katika maji kama hayo gamba tupu linakaa chini miaka na miaka bila kuyeyuka, na samaki wadogo wanahamia humo. Shangazi aliipokea ile chumvi kwa shukrani na tukaila na mihogo ya kuchoma.

Hapo ndipo nikaikumbuka ile chaki. Kama gamba linalikwa kuanzia nchani, basi maji ya tangi yameacha kuwa maji ya ziwa. Nikauliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza binamu na si shangazi, maana anayebeba madumu ni yeye: "Maji ya kubadilishia unayatoa wapi siku hizi?"

"Kaka, mvua zilipoanza ufukweni pamekuwa matope matupu. Nakinga ya bati. Masafi kuliko hata ya bomba."

Na kweli yalikuwa masafi. Mto Luiche ukijaa, ufukwe wa Ujiji unageuka rangi ya chai ya maziwa, hakuna mtu mwenye akili angemimina kitu kile kwenye tangi. Binamu alifanya alichoona ni busara. Alikuwa anatoa robo ya maji ya tangi kila juma na kurudishia ya mvua. Piga hesabu: robo tatu ya robo tatu ya robo tatu, mara tano. Baada ya majuma matano maji ya ziwa yaliyobaki tangini hayafiki robo. Angekuwa anafidia tu yale yaliyokauka kwa joto, pengine tusingepata msiba, maana maji yakikauka madini yanabaki. Lakini hapa alikuwa anatoa madini kwa ndoo na kurudisha maji matupu.

Ningeweza kuishia hapo na kuandika habari yangu. Shangazi akakataa. "Maji laini yanaumiza polepole. Wanne ndani ya juma moja ni wengi." Akanyoosha kidole juu. Bati la nyumba lilikuwa jipya, linang'aa mpaka unafumba macho.

Basi tukafanya jaribio, yeye mwalimu, sisi wanafunzi. Tulikwenda Katonga, upande wa mawe ambako maji bado yanaonyesha vidole vya miguu, tukarudi na madumu manne na konokono tisa. Ndoo tatu za plastiki. Ya kwanza maji ya ziwa peke yake. Ya pili robo ya ziwa na robo tatu mvua iliyokingwa uwanjani, moja kwa moja kutoka angani. Ya tatu robo ya ziwa na robo tatu mvua iliyopita kwenye bati. Konokono watatu kila ndoo. Sharti la shangazi: atakayeonyesha dalili mbaya anatolewa hapo hapo, hatutaki mashujaa wa sayansi.

Jioni ile ile wa ndoo ya kwanza walikuwa wanapanda ukutani. Wa ndoo ya pili walikaa chini, wazito, lakini ukiwagusa wanajifungia haraka. Wa ndoo ya tatu, siku ya pili asubuhi, walikuwa wamelala chali, nyama imetoka nje imelegea, kifuniko hakifungi. Ukimgusa anachukua muda kama anayefikiria. Tuliwahamishia ndoo ya kwanza. Wawili walirudi. Mmoja hakurudi.

Najua, konokono tisa siyo maabara. Lakini maelezo yanakaa sawa. Mabati yetu mengi yamepakwa zinki, na mvua inapoteremka juu yake inaondoka na zinki kidogo. Konokono hawaivumilii kama samaki wale walivyoivumilia. Na ubaya unaongezeka hapa: madini ya maji magumu huipunguza zinki makali, kwa hiyo maji ya mvua yaliwaletea sumu na wakati huo huo yakawanyang'anya kinga. (Msije mkaacha kukinga maji ya kunywa kwa sababu yangu. Mtu siyo konokono, kiasi hicho si tishio la namna hiyo kwetu.)

Kilichonibakia kichwani ni yale matope. Binamu asingekimbilia bati kama ufukwe ungekuwa safi. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti kuhusu ziwa hili, wakionyesha kwamba pale misitu ya milimani ilipokatwa na udongo ukamwagika majini, aina za viumbe wadogo wa chini hupungua. Simama Kigoma utazame milima, halafu panda boti uende kaskazini hadi Gombe kwenye msitu, tofauti utaiona bila darubini. Na mwaka 2016 kundi la Cohen tena likaripoti kwamba kwa sababu ya joto, sakafu ya ziwa yenye oksijeni katika maeneo waliyoyachunguza imepungua kwa asilimia 38 hivi tangu miaka ya 1940. Sakafu hiyo ndiyo nyumba ya konokono na kaa. Mengi tunayoandika sisi waandishi kuhusu ziwa ni dagaa na migebuka, kwa sababu hao wana bei sokoni. Sijawahi kuona mhariri anayepokea habari ya konokono akaiweka ukurasa wa kwanza. Mimi mwenyewe nimejaribu, nikaambiwa nitafute "habari ngumu". Gamba la konokono ni gumu kiasi gani wanataka?

Hali ya sasa ni hivi. Shangazi kanunua pipa la plastiki lenye mfuniko, analijaza maji ya Katonga kabla mvua hazijachanganya. Tangi alilirudisha polepole, lita chache kila siku kwa majuma mawili, kwa sababu kuhamishwa ghafla kutoka maji laini hadi magumu nako ni kipigo. Waliosalia ni sita, na ncha zao bado nyeupe, gamba lililolika halioti upya pale. Kaa alijivua gamba juzi bila kukwama, akajificha siku tatu chini ya jiwe mpaka lile jipya likakaza. Gamba la zamani shangazi kaliweka kwenye chupa ya jamu juu ya kabati. Wageni wanadhani ni kaa wa pili.