Meno ya Shangazi

Wadau, nimeadimika siku kadhaa. Nilikuwa namuuguza shangazi yangu, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa kwa ajili ya mawe ya nyongo. Kaniruhusu niandike haya kwa sharti moja: nisimtaje jina.

Jioni ya kuamkia operesheni alikuja binti wa nusu kaputi. Akaamkia, akavuta kiti.

"Mama, fungua mdomo mpaka mwisho, toa ulimi, usitoe sauti."

Akamulika kwa tochi. Akapima kwa vidole vitatu upana wa mdomo, kisha toka kidevuni hadi kwenye kikoromeo. Akamwambia ainue kichwa atazame dari. Shangazi akaninong'oneza, "Huyu kakosea kitanda. Mimi naumwa tumbo!"

Mwandishi hakosi maswali, nikauliza. Kumbe dawa zikishaingia, misuli hulegea na mgonjwa huacha kupumua mwenyewe. Lazima mpira upitishwe kooni hadi kwenye bomba la hewa, na hapo dakika zinahesabika. Mwenye mdomo usiofunguka vizuri, kidevu kilichorudi nyuma au shingo ngumu anaweza kuwasumbua. Heri kulijua hilo mapema kuliko kulikuta mezani.

Kile cha ulimi kinaitwa kipimo cha Mallampati, jina la daktari mzaliwa wa India aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1985 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 210. Kilimi kikionekana chote, uko daraja la kwanza. Likionekana kaakaa gumu tu, ni la nne, daraja lililoongezwa mwaka 1987.

"Kwa hiyo hapo umeshajua kila kitu?" nikamuuliza.

Akacheka. "Wapi, kaka yangu!"

Hakutania. Baadaye nilisoma utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2015, wa wagonjwa zaidi ya 188,000. Kati ya waliokuja kuwa wagumu kuwekewa mpira, asilimia 93 hawakuwa wametabiriwa. Ndiyo maana wataalamu huandaa mpango wa pili hata kwa mgonjwa anayeonekana mwepesi.

Likaja swali la mwisho. "Mama, una meno ya bandia, au jino linalocheza?"

"Sina," akajibu Shangazi, haraka.

Wadau, nilibabaika. Mimi nayajua meno yale tangu nina miaka minane, nilipoyakuta kwenye glasi ya maji nikakimbia nikipiga kelele. Lakini huyu ni dada wa baba yangu. Nimuumbue mbele ya mgeni? Nikakumbuka nilichotoka kuelezwa: jino likichomoka linaweza kuingia njia ile ile ya hewa.

Nikainama. "Shangazi, mwambie."

Kimya. Akageukia ukutani. "Manne," akasema. "Ya juu."

Binti akaandika, wala hakucheka.

Asubuhi, kabla hajachukuliwa, alinikabidhi meno yakiwa yamefungwa kwenye leso. Saa zote zile nilikaa nayo mfuko wa shati, nikiugusa kila mlango ulipofunguka.

Basi wadau, siku ukiulizwa na watu wa usingizi, sema yote. Wao wanabahatisha mengi, wewe usiwaongezee.

Shangazi anaendelea vizuri. Alipozinduka hakuomba maji. Alininyooshea mkono tu, na wote wawili tulijua anataka nini.