Paa la Shangazi

Ujumbe niliotumwa ulikuwa mfupi: mwambie shangazi yako auze lile gari. Baba aliusema kwa simu kutoka Tanga, kwa sauti ile anayoitumia akishakubaliana na ndugu wote na kubaki mtu mmoja tu wa kuarifiwa. Masika ndiyo yanaanza, alisema, na bibi analala na sufuria tatu zimetegwa chumbani. Halafu akarudia sentensi ambayo imezunguka kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo wetu tangu mwaka 2019: "Paa la mama yake linavuja, yeye kanunua gari lisilo na paa."

Mimi nilikuwa nikiicheka kila nilipoisikia. Ni sentensi nzuri, ina mizani.

Ila gari lenyewe lina paa. Ni Mazda MX-5 ya mwaka 2008, nyekundu iliyokolea, viti viwili tu, na paa la kitambaa cheusi. Unafungua komeo moja juu ya kioo cha mbele, unalisukuma paa nyuma kwa mkono, linajikunja na kulala nyuma ya viti. Shangazi alilinunua alipostaafu unesi hapa Coventry, baada ya miaka 28 ya wodi, mingi kati ya hiyo zamu za usiku. Picha ya kwanza aliyotuma kwenye kundi la familia alikuwa amevaa miwani ya jua na mtandio umefungwa chini ya kidevu. Hakuna aliyejibu kwa saa nzima. Kisha mmoja wa wajomba akaandika, "Hongera," bila alama yoyote.

Nilipofika kwake likizo ya Aprili, gari lilikuwa limekaa majira yote ya baridi chini ya mti wa jirani. Shangazi alifanyiwa upasuaji wa goti mwezi Novemba na mguu wa kushoto ulikuwa bado haujaruhusiwa kukanyaga klachi. Paa halikuwa jeusi tena. Lilikuwa na kijani cha mtungi uliosahauliwa nje, na kwenye mikunjo kijani hicho kilikuwa kinene kiasi cha kuchota kwa ukucha.

"Mwani huo," alisema Shangazi akiwa ameegemea mkongojo mlangoni. "Kwetu watu wanaulima, huku unajiotea."

Nilikuwa nimeshaangalia bei mtandaoni. Kuweka paa jipya hugharimu zaidi ya pauni elfu moja, na mnunuzi anayeliona paa la namna ile huzikata pauni hizo kabla hata hajauliza injini inaendaje. Kwa hiyo nilipojitolea kulisafisha, Shangazi alidhani ni mapenzi. Ujumbe wa baba nilikuwa nao bado, haujatoka.

Jumamosi asubuhi nilitoka na ndoo ya maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi ya sakafu. Sijawahi kumsikia Shangazi akipiga kelele vile. Alinirudisha ndani na vyote vitatu, akaniletea sanduku kutoka chini ya ngazi. Ndani mlikuwa na brashi ya nywele laini, chupa ya shampuu ya paa, chupa ya dawa ya kuzuia maji, na vitambaa vilivyokunjwa kama shuka za hospitali.

Akakaa kwenye kiti cha plastiki, mguu kaunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza somo. Waingereza wengi bado wanaliita paa la namna hii moheya, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, ingawa siku hizi juu ni nyuzi za akriliki. Ni kitambaa cha tabaka tatu: akriliki juu, raba katikati, kitambaa kingine chini, upande wa abiria. Raba ndiyo inayozuia mvua isikuangukie kichwani. Dawa inayowekwa juu kazi yake ni nyingine, kufanya maji yajikusanye kuwa matone na kuteremka, ili nyuzi zenyewe zisikae zimelowa. Dawa ikiisha, hutalowa leo wala kesho. Lakini kitambaa kitanywa maji, kitakaa na unyevu wiki nzima, na kwenye unyevu ndipo mwani na kuvu hujenga. Sabuni ya vyombo inaondoa hata ile dawa kidogo iliyobaki.

"Kwa hiyo paa linaweza kuwa limeshaharibika na ndani pakavu?" niliuliza.

"Ndivyo yanavyoharibika yote."

Kwanza brashi kavu, kutoka mbele kwenda nyuma, kufuata mlazo wa nyuzi. Ukisugua kwa kuzungusha unazikwangua, nazo zikishakwanguliwa hushika uchafu zaidi. Kisha kifyonza vumbi. Kisha maji baridi ya mpira wa bustani. Mashine ya presha alinikataza kabisa, maana mkono wa mgeni hausogei mbali vya kutosha, na mshono ukishafumuka ni safari ya kwa fundi. Kisha shampuu, kipande kwa kipande, nusu paa upande huu, nusu upande ule, huku nikijitahidi isikauke juu ya kitambaa.

Povu lilitoka kijani. Nikasuuza, nikapaka tena, likatoka kijivu. Mara ya tatu likatoka la rangi ya chai ya maziwa, na chini yake nikaanza kuuona weusi. Sijui niseme nini kuhusu furaha hiyo. Nimeandika tasnifu nusu na sijawahi kuona matokeo ya saa moja ya kazi yangu kwa uwazi ule.

Nikaona muda umefaa. Nikasema, nikiwa nimeinama upande wa kioo cha nyuma nisimwone usoni, kwamba baba amepiga simu. Kwamba nyumba ya bibi inavuja sana. Kwamba wanafikiri, labda, gari.

Alikaa kimya kidogo. "Hapo umeacha," alisema. "Kwenye mshono."

Nikarudia mshono.

"Pesa ya bati nilituma," alisema kisha. "Geji 28, siyo zile nyepesi, maana chumvi ya bahari inakula bati jembamba kama biskuti. Misumari, mbao, ufundi, vyote. Nilizituma mara moja, mwaka ule uliomaliza kidato cha nne. Muulize baba yako."

Hakusema zaidi. Hakuwa na kinyongo sautini, alikuwa anatazama paa.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016. Januari baba hakuwa na kitu, nilimsikia usiku akiongea na mama. Julai niliingia kidato cha tano shule ya bweni ya binafsi, na godoro jipya, na sanduku jipya la bati. Ndiyo, sanduku la bati. Nilidhani alikopa. Sikuuliza, kwa sababu mtoto anayeuliza ada imetoka wapi anaweza kuambiwa imerudi huko.

Nikasuuza paa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mchana alinionyesha matundu ya maji. Yako nyuma ya viti, moja kila upande. Maji yanayoteremka kwenye paa huingia humo na kutokea chini ya gari. Majani yakiziba, maji hutafuta njia nyingine, yanajaa ndani ya kingo za chini ya milango, na gari linaoza kutokea mahali usipopaona. Magari mengi ya aina hii yamekufa hivyo, siyo kwa kuchakaa injini. Nilipitisha taratibu uzi mnene wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia nyasi, nikatoa tope na mbegu za ule mti wa jirani. Shangazi alicheka mara ya kwanza siku ile. Alisema miaka ya wodini imemfundisha kwamba karibu kila tatizo ni bomba lililoziba.

Usiku ule paa lilibaki limefungwa, limekazwa, kwa sababu paa likikunjwa bichi huota kuvu ndani ya mikunjo. Shangazi aliniambia kwa nini alilinunua, bila mimi kuuliza. Babu alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge, na jioni watoto walipanda tela tupu kurudi kambini. Ndiyo safari pekee utotoni ambayo hakubeba kitu kichwani. Alisema hivyo tu, akaomba nimsaidie kuinua mguu.

Jumapili hakukuwa na mvua, jambo ambalo Coventry mwezi Aprili halina uhakika. Nilifunika vioo na rangi kwa magazeti na utepe, maana dawa ikikaukia kwenye kioo inaacha ukungu mgumu kutoka. Nikapaka mkono wa kwanza kwa brashi pana, mistari iliyopandana, nikazidisha kwenye mishono. Tukanywa chai. Nikapaka mkono wa pili. Kitambaa kilikuwa cheusi sasa, cheusi cha kofia mpya, na harufu ya dawa ilikuwa kali kidogo, kama ya duka la viatu.

"Saa 24," alisema Shangazi. "Usiliguse, usilijaribu kwa maji. Najua unataka kujaribu."

Nilitaka. Nilitaka kumwagia kikombe kimoja tu nione matone yakiviringika.

Jioni baba akapiga. Nyuma yake niliisikia mvua juu ya bati, ile kelele inayokufanya upaze sauti ndani ya nyumba yako mwenyewe, na katikati yake mlio mdogo, wa tone na sufuria. Akaniuliza habari za masomo. Akauliza goti la dada yake. Kisha akauliza kama nimeshamwambia, na kama mnunuzi amepatikana.

Nilikuwa nimesimama dirishani. Shangazi alikuwa nje, amejifunga kitenge juu ya koti, anaokota jani lililoangukia paa kwa ncha za vidole viwili, asiiguse dawa.

"Baba," nikasema, "ile bati ya mwaka 2017 ilikuwa geji ngapi?"

Mvua ya Tanga ikaendelea kupiga. Nilidhani simu imekatika.

"Nani kakwambia?" akauliza.

"Tuongee kesho. Paa bado linakauka."