Usukani Uko Majini

Kazi iliingia saa nne usiku: maneno elfu moja kuhusu namna ya kukaza usukani uliolegea kwenye mashua ya matanga, iwe tayari kesho kutwa. Nilijibu "sawa" kabla sijafikiri. Ilikuwa tarehe ishirini na nane, na anayeandika kwa kulipwa kwa neno hachagui kazi karibu na siku ya kodi.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa Mata, kule Taveta. Chombo cha majini ninachokijua ni mtumbwi wa Ziwa Jipe. Ng'ambo ya ziwa ni Tanzania, milima ya Upare inakutazama, na maji yenyewe ni machache; hayafiki hata mita tatu. Kingo zimemezwa na matete kiasi kwamba mvuvi hutafuta maji kwanza ndipo atafute samaki. Marehemu babu aliuendesha mtumbwi wake kwa upondo. Alichoma ule mti chini kwenye tope, akasukuma, mtumbwi ukaenda alikotaka. Hakukuwa na usukani, kwa hiyo hakukuwa na cha kulegea. Hofu yake ilikuwa viboko.

Lakini wakati huo nilikuwa Kilifi. Baba aliamini niko huko kwa masomo. Ukweli ni kwamba chuo nilikuwa nimeacha, sikuwa nimemwambia, na karo ya muhula aliyotuma, pesa ya ndizi alizobeba kwa pikapu yake hadi soko la Taveta Jumatano kwa Jumatano, Jumamosi kwa Jumamosi, nilikuwa nimeila. Sikuinywa, wala sikucheza kamari. Niliila tu: kodi, unga, bando za simu. Nasema hivyo kana kwamba inapunguza kitu.

Asubuhi nikateremka hadi kwenye hori, chini ya lile daraja lililojengwa mwaka 1991 na kuwaondolea watu foleni za feri. Mashua za matanga za wageni hutia nanga pale. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee, mtu wa Lamu, aliyekulia kwenye majahazi na sasa anatengenezea Wazungu mashua zao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi au kupiga picha?"

Nikamweleza. Akacheka, akaniambia nipande kidau, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiiendea. Sijui kama ilikuwa bahati au kama usukani wa mashua hizi hulegea kila wiki.

Tulipopanda chomboni nikaenda moja kwa moja tezini, penye gurudumu kubwa la chuma linalong'aa, nikalitikisa. Likacheza.

"Ni huu usukani, mzee?"

"Huo si usukani, mwanangu. Hapo pa kushika tu. Usukani uko majini."

Ikanibidi nisimame nifikirie. Kwenye jahazi, akaniambia, usukani ni ule ubao mzito unaoning'inia nyuma kwa vyuma, nusu yake ndani ya maji, na mti unaoshikwa na mshika usukani huitwa kana. Neno lilikuwa la baharini kabla gari la kwanza halijashushwa melini. Sisi wa bara tulilikuta tayari limepanda matatu, tukadhani lilizaliwa huko. Nilipita shule yote ya Kiswahili, na alama nzuri, bila kulijua hilo.

Kwa hiyo kati ya gurudumu na usukani kuna safari. Ndani ya kile kinguzo kinachobeba gurudumu kuna meno, na juu ya meno unapita mnyororo kama wa baiskeli. Kila ncha ya mnyororo imeungwa na waya. Waya hizo mbili zinashuka, zinapita kwenye kapi, zinakwenda kushika chuma kipana mfano wa robo ya chapati, kilichofungwa juu ya mhimili wa usukani wenyewe. Ukizungusha gurudumu, waya mmoja unavuta na mwingine unaachia. Kulegea kunaweza kuwa popote kwenye safari hiyo, na mikononi mwako kote kunafanana.

Kabla hajagusa chochote, mzee akainua kiti, akatoa bomba la chuma lililopinda, akafungua kifuniko kidogo sakafuni na kulichomeka juu ya mhimili. Likaingia. Akalisukuma kulia na kushoto, akalitoa, akalifuta. Ilikuwa kana. Mashua ya mamilioni, na chini ya kiti imeficha kana ya jahazi, kwa ajili ya siku waya utakapokatika. Hiyo ndiyo ya kwanza kuhakikisha, alisema, kwa sababu ukishaanza kufungua vitu na upepo ukabadilika, utajuta.

Halafu akaingia kwenye shimo la tezini hadi kiunoni. "Shika gurudumu. Usiliachie hata kidogo." Akaanza kutikisa kile chuma cha robo chapati kwa mikono. Nikasikia *tk* kwenye viganja.

"Umesikia?"

"Kidogo."

"Kidogo wapi?"

Sikuwa na jibu. Tukageuza: yeye akashikilia chuma kule chini kisisogee, mimi nikatikisa gurudumu huku nimeweka kidole pale katikati, gurudumu linapokutana na shafti yake. Kidole kikahisi gurudumu linatangulia na shafti inafuata baadaye. Tulipofungua nati ya katikati tukakuta kile kijipande cha chuma cha mraba kinachozifunga hizo mbili pamoja kimelika upande mmoja. Nikafurahi, nikadhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Mzee akabonyeza waya kwa kidole gumba. Ukabonyea kama kamba ya nguo. Kila waya unaishia kwenye boliti ndefu yenye nati mbili, moja ya kukaza na nyingine ya kuifunga ile ya kwanza isirudi. Nikampa spana. Hakuipokea. Akachukua kitambaa kikuukuu cha pamba, akakipitisha polepole juu ya waya wote. Karibu na kapi kikanasa: nyuzi tatu za waya zilikuwa zimekatika na kusimama kama miba.

"Huu ukiukaza, unakatikia Wasini na mwenyewe yuko ndani."

Kwa hiyo waya ulibadilishwa, wote wawili, na kapi zikatiwa grisi. Kukaza kwenyewe kulichukua dakika kumi. Usukani katikati, gurudumu limenyooka, zungusho kwa zungusho, kushoto sawa na kulia. Si sana. Ukizidisha gurudumu linakuwa zito, kapi zinalika, na mkono hausikii tena maji yanasema nini.

Makala ililipwa. Aliyeiagiza alifuta sehemu ya kana.

Desemba nikarudi nyumbani. Voi, Mwatate, Taveta, kisha bodaboda hadi Mata, vumbi kwenye meno. Pikapu ya baba ilikuwa chini ya mwembe. Usukani wake umelegea tangu nikiwa darasa la nne. Unaugeuza robo nzima ndipo magurudumu yasikie. Hata kwenye barabara iliyonyooka, mikono ya baba haitulii. Utotoni nilidhani ndivyo watu wote wanavyoendesha gari.

"Baba, ingia ukae. Tikisa usukani, kidogo kidogo, kulia kushoto. Usiwashe."

"Umekuwa makanika?"

Akaingia. Nikatandika gunia nikajilaza chini ya gari, uso juu. Fimbo ya usukani ilizunguka sawa, mkono wa kisanduku ukafuata sawa. Pale tairodi inaposhikana na gurudumu la kushoto, kifundo kiliruka kwanza, tairi likafuata baadaye. *Tk.* Yeye hakuniona, nami sikumwona.

"Baba, chuo niliacha."

Tairodi ikasimama.

"Lini?"

"Mwaka jana. Kabla ya ile karo ya mwisho."

Kuku walikuwa wakiparua karibu na kichwa changu. Tone la oili liliponikosa sikio sikusogea.

"Na ile karo?"

"Nilikula, baba. Kodi na chakula."

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Niliendelea kutazama kile kifundo, kwa sababu ndicho pekee kilichoweza kunionyesha mikono yake iko wapi, na hakikusogea.

"Umeona inapocheza?"

"Nimeona. Kushoto, mwisho wa tairodi. Nitanunua mimi."

"Kwa pesa gani?"

"Za kuandika."

"Kuandika nini?"

"Usukani," nikasema. "Wa mashua."

Chuma kikaanza tena juu ya uso wangu, kulia, kushoto, kwa nguvu kuliko nilivyomwomba. Nikanyoosha mkono nikakishika.