Pori Lenye Kunyamaza: Matembezi Kati ya Miombo



Kwetu Lubumbashi, mutu akitaja neno "pori", wengi wanafikiri upesi makala. Wengine wanafikiri vinkubala vya kukauka vyenye kuuzwa mu soko ya Kenya, ao uyoga wenye kupangwa kandokando ya barabara wakati wa mvua. Ni kweli, vyote hivi vinatoka kule. Lakini pori si gala tu. Pori ni nyumba yenye wenyewe: iko na mulango, iko na sheria, na iko na chumba ambamo mugeni haingii. Naandika kurasa hizi kusudi nieleze yale niliyoona na kusikia katika mwezi wa tisa, nilipoenda kutembelea muyomba wangu katika kijiji cha mama yangu, upande wa njia ya Kasenga.

Pori letu ni la namna gani?

Jina "miombo" linatoka kwa jina la muti, muombo. Miti ya jamaa hii inaenea toka Angola mpaka Tanzania na Msumbiji, ikipitia Zambia na Katanga yetu. Pori hili halifanane na lile la upande wa Equateur, ambamo jua halifike chini. Huku miti inasimama mbalimbali, mwangaza unapita, majani ya nyasi yanaota katikati. Karibu na Lubumbashi mvua inafika milimeta 1.200 hivi kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 4. Kisha ni kiangazi, vumbi na moto.

Profesa François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya vyakula vya pori hili. Yale aliyoandika kwa kalamu, mama zetu waliyajua kwa mikono. Lakini mikono inazeeka, na watoto wetu wa muji hawajue tena kutofautisha mutondo na musuku.

Mulango wa pori

Desturi inaomba mugeni aanzie kwa shefu. Hauwezi kushuka mu gari na kuingia moja kwa moja kati ya miti kama mwizi. Nilipeleka sabuni, chumvi na sukari kidogo. Tulichuchumaa mbele ya nyumba yake, muyomba na mimi, tukapiga makofi polepole, tukasema "Mwapoleni mukwai." Shefu alijibu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha kila siku:

– Unakuya kutafuta nini mu pori yetu? Makala?

– Hapana, mukubwa. Nakuya kutembea tu, na kusikiliza.

Akacheka.

– Kutembea bule? Bantu ya muji banakuyaka huku na shoka. Sawa, wende. Paka usipite kule kwa malalo bila muyomba yako.

Tuliondoka mbele ya jua kutoka. Siku zile majani mapya yalikuwa mekundu, mengine rangi ya shaba. Hilo ndilo jambo la ajabu la miombo: mvua haijaanguka hata tone moja, lakini muti umekwisha kuvaa nguo mupya. Chini nyasi ni nyeusi juu ya moto, juu ni rangi tupu. Na kimya. Kimya cha pori si sawa na kimya cha nyumba tupu. Unasikia nyuki, unasikia ganda la mbegu likipasuka kwa joto na kutupa mbegu mbali, unasikia miguu yako wewe mwenyewe.

Muyomba alitembea mbele na shoka ndogo begani, na hakuitumia hata mara moja. Mbele ya kila muti alisimama kidogo, akautaja jina na kazi yake. Ganda la mutondo linatoa kamba, na pia muzinga wa nyuki. Mulombwa ukikatwa unatoa maji mekundu kama damu. Wazee wanautumia kwa dawa, maseremala wanautaka kwa mbao. Ndugu yake mukula ulitafutwa sana katika miaka ya 2010: mizigo kwa mizigo ilipita Zambia kuelekea Uchina, na vijijini vilibaki visiki. Musuku utatoa matunda wakati wa mvua. Mupundu ulikuwa umekwisha kuangusha yake. Tuliokota na kula tukitembea. Akanionyesha pia mahali ambapo mama wanachimba mizizi ya munkoyo. Mizizi ile inapondwa na kutiwa katika uji wa mahindi wenye kupoa, na uji muzito unageuka kinywaji chepesi na kitamu.

Chumba kisichoingiwa ovyo

Karibu na saa ine tulifika kwa mushitu, kile kipande cha pori chenye kuwa giza, pale maji yanapotoka. Miti yake ni minene, watu wawili hawawezi kuikumbatia. Muyomba aliweka shoka chini, akavua viatu, nami nikavua vyangu. Alipiga makofi, akataja majina ya wakubwa wa zamani, mumoja mumoja, mpaka jina la mama ya mama yangu. Ndipo akaniambia:

– Bankambo balilala hapa. Maji yenye tunakunywa inatokea chini ya kichwa yao. Kwa sababu ya ile, hapa shoka haiingie, moto haiingie, na makelele haiingie.

Mutu mwenye kusoma atasema upesi: wazee walikuwa na akili, walilinda chemchemi kwa kuifanya takatifu. Ni kweli, mizizi na kivuli vinasaidia maji. Lakini sipendi kusema hivyo tu, sababu ni kama kumwambia muyomba wangu kwamba pale kuna bomba la maji. Kwake yeye, pale kuna watu. Na kwa kuwa ni watu, hakuna bei.

Sheria kama hizi ziko hata kwa chakula. Kwa vinkubala, shefu anatangaza siku ya kuanza kuokota. Mbele ya siku ile hakuna anayegusa. Muti haukatwe kwa kupata vinkubala. Mutu anapanda, anatikisa, ao anangoja vishuke. Na vile vya mwisho, vyenye kuteremuka mu udongo kusudi vigeuke, vinaachwa. Ni mbegu ya mwaka ujao. Siku hizi kuna wageni wanaokuja na shoka na kuangusha muti muzima juu ya beseni moja.

Maneno ya mangaribi

Siku ya pili, mangaribi, vijana watatu walirudi na kinga zao zenye kubeba saki za makala. Mumoja wao ni mutoto wa muyomba. Mufanyabiashara mumoja wa muji alikuwa amewaahidi pesa kwa miti ya kandokando ya malalo, ile minene yenye kutoa makala mazito. Kijana alisema wazi, mbele ya wakubwa:

– Baba, nakuheshimu. Lakini malalo hailipe minervale. Bandugu yangu babili beko sekondere. Nitatosha wapi?

Hakuna aliyemukaripia, kwa maana swali lake ni la kweli. Muyomba alinyamaza muda mrefu. Aliyejibu ni mama mumoja muzee, aliyekuwa akipepeta unga pembeni:

– Na maji, mwanangu? Utayinunua na ile makala?

Mazungumzo yaliendelea mpaka usiku. Wazee hawakusema "musikate tena." Walikumbusha desturi ya kukata. Muti wa miombo haufe kwa shoka peke yake: kisiki kikibaki na mizizi yake, kinatoa machipukizi. Kinachoua ni kung'oa kisiki, na moto wa mwezi wa tisa ao wa kumi, wakati nyasi imekauka kabisa na moto unapanda juu. Zamani walichoma mapema, mwezi wa tano ao wa sita, wakati nyasi ingali na ubichi kidogo, na moto ukapita chini bila nguvu. Kesho yake muyomba alinipeleka mahali palipokatwa wakati alipokuwa kijana. Leo miti yake ni minene kuliko paja la mutu. Lakini iliomba maisha ya mutu muzima.

Mwishowe shefu, wazee na vijana walizunguka mushitu pamoja na kupaka pemba, udongo mweupe, kwenye miti ya mupaka. Ndani hakuna kukata. Inje, kukata kwa zamu: kipande kimoja kinakatwa, vingine vinapumuzika, na visiki having'olewe. Mutoto wa muyomba alichukua pemba, akapaka muti wa kwanza, hakusema neno. Ila alama ya pemba inafutwa na mvua. Sherti ipakwe tena kila mwaka, na anayepaka sherti awe na sababu ya kupaka.

Na sisi wa muji?

Hapa ndugu musomaji asifikiri kama haya ni mambo ya watu wa kijiji peke yao. Kura inapokosa, na inakosa mara nyingi, sisi wote tunawasha mbabula. Bukari yetu ya kila siku imepikwa na pori lile. Basi tuko na sehemu yetu katika deni. Mutu asiyeweza kuacha makala anaweza walau kupika na mbabula yenye kula makala kidogo. Walimu wanaweza kupeleka watoto kwa miti, wakawauliza wazee majina kwa Kilamba na Kibemba mbele majina hayajapotea. Wenye kwenda kutembea waanzie kwa shefu. Na wale wenye ndugu kijijini wasaidie minervale ya sekondere, kwa maana kila mutoto anayelipiwa masomo ni kijana mumoja mwenye nafasi ya kuuacha muti usimame.

Wazee wanasema kwa Kibemba: "Imiti ikula e mpanga." Maana yake, miti yenye kuota ndiyo pori. Kwa kawaida tunaisema juu ya watoto, kwamba wao ndio kesho yetu. Kule upande wa njia ya Kasenga nimeisikia ikisemwa juu ya vyote viwili kwa mara moja: machipukizi ya kisiki, na kijana mwenye pemba mu mukono.