Nyumba Tuliyombomolea Mama

Msimu ule karafuu zilizaa vyema, nasi ndugu wanne tukakubaliana kumjengea mama nyumba. Ile ya zamani, hapa Wete, ilikuwa ya vyumba viwili: boriti za mikoko, fito zilizofungwa kwa kamba, kuta za udongo uliokandikwa vizuri, na paa la makuti. Tuliionea haya. Wageni walipokuja kwa harusi au hitima, sisi tulikuwa wa kwanza kuomba radhi kwa udogo wake.

Mama hakutukataza. Alisema tu kwamba ile aliyonayo inamtosha. Tukalichukulia neno lile kuwa ni unyenyekevu wa wazee, tukabomoa. Tulijenga vyumba vitano vya matofali ya saruji, tukaezeka bati. Fedha zikaisha kabla ya dari, tukaingia madeni.

Kaskazi ilipoingia ndipo tulipojua tulilolifanya. Bati lisilo na dari hulipokea jua na kulimimina chumbani, ilhali makuti hupitisha hewa na udongo huchelewa kupata moto. Siku moja adhuhuri tulimkuta mama amelala juu ya jamvi katika jiko la uani, pahala pekee palipobakia na makuti. Vyumba vitano, na mwenye nyumba hana pa kupumzikia!

Tulikumbuka tuliyosomeshwa chuoni. Katika Surat an-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anazitaja nyumba kuwa ni neema ya utulivu, na pamoja nazo anayataja mahema ya ngozi, mepesi kwa msafiri. Neema hiyo haikufungamanishwa na ukubwa. Vyumba vya wakeze Mtume (S.A.W.) kule Madina, mji uliozungukwa na jangwa, vilikuwa vya udongo na makuti ya mtende. Imepokewa kwamba Hasan al-Basri, alipoviingia akiwa kijana, aliigusa dari kwa mkono wake. Vilipobomolewa kuupanua msikiti, katika utawala wa al-Walid bin Abdul-Malik, wapo waliotamani viachwe, ili watu waone kiasi alichotosheka nacho Mtume.

Hatusemi kuwa makuti hayana taabu. Yakichakaa huvuja wakati wa masika, hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na cheche moja huyamaliza. Wala anayeezeka bati hana dhambi. Kosa letu ni kwamba tulijenga kwa ajili ya macho ya wageni, na aliyekusudiwa kuishi humo hatukumuuliza.

Sasa tumemwezekea mama banda la makuti uani, lenye baraza ya udongo tuliyoikandika kwa mikono yetu. Madeni tungali tukiyalipa. Yeye hupumzika pale kila adhuhuri, na wale wageni tuliowaonea haya, wakija, hukaa naye papo hapo.

Mwenyezi Mungu atusamehe, na atujaalie kutosheka. Amin.