Daraja au Njia Panda

Chevrolet Corvette ya mwaka 1974 ina mabomba mawili ya moshi yasiyojuana. Moja linatoka upande wa kushoto wa injini, la pili upande wa kulia. Yanapita sambamba chini ya sakafu, kila moja na sailensa yake, mpaka nyuma. Mwaka uliofuata mambo yalibadilika: Corvette za 1975 zilikuja na kifaa cha kusafisha moshi, na mabomba yakalazimishwa kukutana humo kabla ya kuachana tena. Kwa hiyo mwenye gari la 1974 ana uhuru ambao wa 1975 hana. Anaweza kuamua mwenyewe kama mabomba yake yakutane, wapi, na kwa namna gani.

Mjomba wangu analo la 1974. Alilinunua likiwa bovu, hapa hapa St. Louis, mji lilikoundwa, na kwa miaka kumi na moja amelifufua kidogo kidogo, kila mshahara ukibaki. Alizaliwa Mombasa, akaja Marekani akiwa kijana, na miaka ishirini na sita ya maisha yake ameimaliza katika karakana za ekzosi: kukata, kukunja, kuchomelea. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo, upande wa sauti na mitetemo, na nimepanga chumba cha chini nyumbani kwake. Majira ya kuchipua yaliyopita aliniambia wakati umefika wa kuyaunganisha yale mabomba. "Wewe una vipimo," alisema, "mimi nina mikono."

Ili kuelewa kwa nini mtu ahangaike na kipande kifupi cha bomba, ni lazima kwanza kuisikiliza injini yenyewe. Ni V8 ya lita 5.7, silinda nne kila upande. Namba witiri ziko kushoto, shufwa kulia, nazo huwaka kwa mpangilio huu: 1-8-4-3-6-5-7-2. Ukizitaja kwa pande zake unapata: kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto, kulia. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, zote nane zimewaka, moja kila nyuzi 90, na kwa jumla injini haikosei hatua. Lakini bomba moja peke yake linachechemea. Mapigo yake yanafuatana kwa nyuzi 270, kisha 180, kisha 90, kisha 180. Ni kama watu wawili wanaopokezana michi kwenye kinu kimoja, na kila baada ya muda mmoja wao anapiga mara mbili mfululizo. Ule mngurumo mzito wa V8 za Marekani unatokana na kuchechemea huko.

Pale pigo mbili zinapofuatana upande mmoja, bomba la upande huo linajaa huku la pili likiwa na nafasi. Kipande cha kuunganisha kinampa aliyebanwa mlango wa pili. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza ina umbo la H: bomba fupi linalokatiza kati ya mabomba mawili. Shinikizo linasawazishwa, lakini sehemu kubwa ya moshi inaendelea na njia yake. Ya pili ina umbo la X: mabomba yanabanwa pamoja, yanachangia nafasi moja, kisha yanaachana, na moshi wa pande zote mbili unachanganyika. Mjomba anaiita ya kwanza daraja na ya pili njia panda, na sijaona majina mazuri zaidi katika vitabu vyangu.

Mafundi wengi watakwambia kwamba njia panda inafaa zaidi injini ikizunguka kwa kasi, na sauti yake ni laini, sawia, ya juu kidogo. Daraja linaacha mngurumo wa chini ubaki. Nguvu inayopatikana kwa vyovyote ni ndogo. Injini ya kawaida ya mwaka ule ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 195, na hakuna bomba litakaloigeuza kuwa ya mashindano. Anayechagua kati ya hizi mbili, kwa kweli, anachagua sauti.

Mimi nilitaka njia panda. Mjomba akasema sawa, tujaribu. Akachomelea vipande vya kati viwili, kimoja cha kila aina, vyote vya bomba la inchi mbili na nusu, vyenye miisho ya kuchomekana na kufungwa kwa klempu ili viweze kubadilishwa. Klempu zina faida nyingine pia. Kipande hiki kinakaa karibu kabisa na mkia wa giaboksi, na ukikichomelea moja kwa moja, siku giaboksi ikitaka kushuka utarudi na msumeno.

Mahali pa kukiweka tulipatafuta kwa njia ya kale ya mafundi. Tulipaka mabomba rangi ya bei ndogo ya kupuliza, tukawasha injini na kuishikilia kwenye mizunguko elfu tatu kwa dakika chache. Rangi iliungua kuanzia mbele na kurudi nyuma, na pale ilipoishia mjomba akachora alama ya chaki. Alama ilianguka chini ya boriti inayobeba giaboksi, ambako mabomba hupita ndani ya matundu na hapatoshi hata kidole.

"Turudi nyuma inchi sita," nilisema.

"Tisa ni nyingi," akajibu.

"Sita, mjomba."

"Ndiyo nasema, tisa ni nyingi."

Nikatoa mkono chini ya gari, nikamwonyesha vidole. Tangu hapo tukawa tunaandika namba zote kwa chaki sakafuni. Spana iliyokuwa ikitakiwa kwenye klempu ilikuwa ya tisa kwa kumi na sita, na kila nilipoitaja alikuwa ananitazama mdomo kwanza. Nilidhani ni kelele za karakana. Nyumbani pia, bibi akipiga simu kutoka Mombasa, mjomba alikuwa anamwamkia, anasikiliza kidogo, kisha ananipa simu: "Ongea naye wewe, laini mbaya." Kwangu laini ilikuwa safi.

Tulifunga njia panda kwanza. Niliweka maikrofoni nusu mita kutoka mdomo wa bomba, nyuzi 45 pembeni, nikarekodi. Kisha tukaenda na gari barabara ya mtoni na kurudi. Mimi nilifurahi, sauti ilikuwa imekaza, safi, kama nguo iliyopigwa pasi. Mjomba alizima injini akabaki ameshika usukani.

"Naliona linakwenda," alisema. "Silisikii."

Jumamosi iliyofuata tukafunga daraja. Nikarekodi mahali pale pale, kwa mizunguko ile ile. Tofauti ya ukubwa wa sauti haikufika desibeli moja. Hata kabla hatujatoka uani alikuwa ameanza kutabasamu. "Hili hapa," alisema, akijigonga kifuani. "Lilikuwa limekwenda wapi?"

Usiku huo niliweka michoro miwili ya sauti upande kwa upande. Katika ule wa njia panda, mitetemo ya chini ilikuwa imepungua na ukali umehamia juu. Katika ule wa daraja, chini kulikuwa kumejaa. Gari lilikuwa na sauti ileile kwa wingi. Lililobadilika ni ghorofa iliyokaa. Na ghorofa ya juu mjomba hakuwa anafika.

Kelele za kazini huanza kuharibu usikivu katika eneo la mitetemo 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde. Hapo ndipo zinapokaa s, f, sh, na mlio mkali wa t. Irabu ziko chini, kwa hiyo mtu anasikia kwamba anaongeleshwa na anasikia hata wimbo wa sentensi, lakini kingo za maneno zimelika. Amefika na ameshika yanakaribiana. Sita na tisa, zenye i na a zilezile, zinabaki neno moja. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwa mtihani, nikapata alama nzuri.

Asubuhi nilimwonyesha michoro. Sikumwambia masikio yako yameharibika. Yeye ni kaka wa mama yangu, na kuna maneno ambayo mpwa hayasemi. Nilimwambia: mjomba, sauti hii iko pale, chombo kimeiona, nami nimeisikia. Akaitazama kwa muda mrefu, kama fundi anavyotazama chuma cha mwenzake. "Laini si mbaya, basi," alisema.

Daraja tuliliacha. Hakuwa na sababu ya kufunga chombo kinachosifiwa na kipimo ilhali mwenye gari ni yeye. Tuliongeza kipande chembamba cha kinga ya joto juu yake, kwa kuwa sakafu ya Corvette ni ya faiba na daraja limeikaribia, tukaacha upana wa vidole viwili. Wiki tatu baadaye alikwenda kupimwa. Mstari wake ulitembea tambarare, kisha ukaporomoka karibu na 4,000, sikio la kushoto zaidi ya la kulia.

Vifaa vya masikio alivipokea kwa kununa, kama viatu vipya. Siku ya pili alishangaa kwamba taa za kuashiria kukata kona zina mlio. Siku ya nne aliniita gereji, injini ikiwaka, ameinamisha kichwa upande.

"Kuna kitu kinalia sss," alisema. "Hukisikii?"

Nilikuwa nakisikia tangu tulipofunga, nikidhani anakijua. Moshi ulikuwa unavuja kidogo kwenye klempu ya nyuma. Akajilaza kwenye kadibodi, akaingia chini, akanyoosha mkono nje bila kunitazama.

"Nipe tisa kwa kumi na sita."