Nta ya Mkebe au Nta ya Chupa?

Mtu atokaye Kibwezi kwenda Mutomo na kufika Kitui mjini katika mwezi wa Agosti hupita siku hizi juu ya lami. Lakini nyumba za watu hazikujengwa zote kando ya lami. Kila aiachaye barabara kuu kwenda kwake, upande huu wa mto Athi au upande ule, hupokewa na vumbi jekundu la Ukambani, nalo humfuata mpaka uani na kulala juu ya motokaa yake kama blanketi. Baada ya vumbi huja jua, na baada ya jua, mnamo Novemba, huja mvua na matope. Rangi ya motokaa hupigana na maadui hao watatu mwaka mzima.

Ndiyo sababu wenye motokaa katika Kitui na Makueni hushindana kwa swali moja: je, inunuliwe nta ya mkebe, ile ngumu kama dawa ya viatu, au nta ya chupa, iliyo majimaji? Wengine huamua kwa kutazama bei, na wengine kwa kutazama picha iliyobandikwa juu ya chupa. Lakini jibu la kweli halimo dukani. Limo katika maji aliyo nayo mtu, katika jua la kwao, na katika saa alizo nazo za kufanya kazi hiyo.

Kwanza yafaa kujua kazi ya nta. Motokaa nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980 na 1990 zina tabaka mbili: chini rangi yenyewe, na juu yake tabaka jembamba lionyeshalo kama kioo, liwekwalo ili kuilinda rangi. Jua likichoma miaka mingi, tabaka hilo la juu hufifia, kisha hubambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nta hupakwa juu ya tabaka hilo ili jua, maji na uchafu viikute nta kwanza. Bali tabaka likiisha kubambuka, hapana nta ya mkebe wala ya chupa iwezayo kulirudisha. Hiyo ni kazi ya fundi wa rangi. Nta ni mlinzi, si mganga.

Wakamba si wageni wa nta. Tangu zamani wametundika mizinga ya magogo mitini, na asali ya Kitui inajulikana sana katika Kenya. Mtu angeweza kuuliza, mbona basi asichukue nta ya nyuki wake mwenyewe akaipaka motokaa? Sababu ni joto. Nta ya nyuki huyeyuka katika digrii 62 hadi 64 hivi za Selsiasi, na huanza kulainika kabla ya hapo. Boneti nyeusi iliyoachwa juani saa saba mchana huwa ya moto hata mkono hauwezi kutulia juu yake. Nta ikilainika hunata, na vumbi hupata mahali pa kushika.

Kwa hiyo watengenezaji wengi hutumia nta ya karnauba, ambayo huyeyuka katika digrii zaidi ya 80, nayo ni miongoni mwa nta ngumu kabisa zitokazo katika mimea. Hupatikana katika majani ya mti wa jamii ya mnazi uotao kaskazini-mashariki ya Brazili, nchi yenye kiangazi kirefu kama Ukambani. Mti huo hujifunika nta ili majani yake yasipotewe na maji. Basi yule anunuaye mkebe dukani Wote ananunua hila ambayo mti wa nchi kame uliitumia kwanza kwa ajili yake wenyewe.

Tofauti ya mkebe na chupa si kubwa kama watu wadhanivyo. Nta ya chupa imetiwa kiyeyushi kingi zaidi ili ienee upesi. Ndiyo maana mtu huweza kumaliza motokaa nzima kwa muda mfupi, lakini ngozi aiachayo mara nyingi ni nyembamba, na huondoka baada ya majuma machache. Nta ya mkebe ni nzito. Huchosha mkono, lakini mara nyingi hudumu miezi miwili au mitatu, ingawa jua kali huipunguzia siku. Tena ziko chupa za siku hizi zenye polima zilizotengenezwa viwandani, ambazo huweza kudumu kuliko karnauba. Na ziko nyingine zilizochanganywa na dawa ya kukwangua uchafu. Hizo zikitumiwa kila juma hulila tabaka la juu kidogo kidogo. Kwa hiyo asomaye maandishi ya chupa kabla ya kulipa hana hasara.

Sasa yaja neno la maji, ambalo katika Ukambani hutangulia mengine yote. Kabla ya kupaka nta ya namna yo yote, sharti motokaa ioshwe. Kupaka nta juu ya vumbi ni kusugua rangi kwa mchanga. Mpira wa maji ulioachwa wazi dakika kumi humwaga lita 100 na zaidi, yaani mitungi mitano ya lita 20. Wakati wa kiangazi, mitungi hiyo mitano huenda imechotwa katika shimo la mchanga wa mto mkavu na kupandishwa kilima juu ya mgongo wa punda. Mama aliyeamka alfajiri kuyafuata maji hayo hawezi kufurahi kuyaona yakitiririka chini ya magurudumu. Mwenye busara huosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, huanza juu na kumalizia chini, na maji yaliyobaki huwapelekea miti.

Hapo ndipo nta ya mkebe ishindapo. Huyo apakaye mara chache huosha kwa ajili ya nta mara chache. Kadhalika, juu ya nta nzuri vumbi haling'ang'anii sana, na uchafu hutoka kwa maji machache.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu wa Makueni aliyenunua motokaa iliyokwisha kutumika Japani, kwa mkopo wa chama cha akiba. Kwake motokaa ni kama ng'ombe: siku ya karo ya chuo huenda ikauzwa. Mnunuzi akija, kabla ya kuisikiliza injini huitazama boneti. Iliyobambuka humfanya ashushe bei, wala hapana maneno yatakayompandisha. Mwalimu huyu ana Jumamosi yake na kivuli cha nyumba yake. Nta ya mkebe yamfaa. Lakini kivuli kisiwe cha mwembe, ingawa Makueni ni nchi ya maembe, kwani utomvu wa mwembe hula rangi, na mavi ya ndege vilevile.

Dereva wa teksi hana Jumamosi. Huyo hupitia kwa vijana waoshao motokaa, na mazungumzo yao huwa kama haya:

"Mzee, nikupakie ya chupa? Ni dakika kumi tu."

"Itakaa muda gani, kijana wangu?"

"Mpaka mvua, mzee."

"Na mvua itanyesha lini?"

"Hilo, mzee, muulize Mungu."

Kijana huyo amesema kweli, naye astahili malipo yake. Nta ya chupa si udanganyifu kwa mtu ajuaye anunuacho. Udanganyifu ni kulipa bei ya ngozi ya miezi mitatu na kupewa mng'ao wa siku tatu.

Aliyechagua mkebe na aangalie mambo machache. Apake asubuhi au jioni, bati likiwa baridi, wala asipake juani. Atwae nta kidogo kwa kitambaa laini, apake sehemu moja moja, angoje ififie kama ukungu, kisha aifute kwa kitambaa kingine kikavu. Asiguse plastiki nyeusi, kwani huacha weupe usiotoka upesi. Kitambaa kikianguka chini, kisirudi juu ya motokaa mpaka kifuliwe. Na kama hawezi kupaka mara nyingi, apake walau mara mbili kwa mwaka: mnamo Juni, vumbi lianzapo, na Oktoba, kabla ya mvua.

Mwenye nafasi na achukue mkebe. Asiye nayo na achukue chupa, huku akijua kwamba atarudi mapema. Lakini wote wawili waanze na ndoo, na waipime ndoo hiyo kwa urefu wa njia iliyotembewa na yule aliyeichota.